Ubeti wa Tatu wa Gwatidzo

Mpaka leo, katika vijiji vya Buhera, hakuna aliyeweza kueleza Chenesai aliutoa wapi ubeti wa tatu. Wengi waliokuwepo siku ile bado wako hai, na ukiwauliza wanakubaliana juu ya kila kitu: koti alilovaa, mahali alipokaa, jinsi jua lilivyokuwa likiingia mlangoni. Wanakubaliana hata juu ya maneno aliyoyaimba. Lakini ukiuliza maneno hayo yalitoka wapi, mtu anainama, anachota tumbaku yake ya kunusa, anaanza kuzungumzia mvua.

Wimbo wenyewe uliitwa "Fungua". Mzee Gwatidzo aliurekodi Harare muda mfupi baada ya uhuru, yeye na mbira yake, zile funguo za chuma zilizochakaa kwa vidole vyake, ndani ya kibuyu kikubwa kama ngoma. Ulikuwa na beti mbili tu. Katika wa kwanza, mtu amesimama nje ya mlango anamwita mama yake. Katika wa pili anasema ametembea usiku kucha, miguu yake imelowa umande, na mbwa hawakubweka kwa sababu wamemtambua. Kisha sauti inanyamaza. Mbira inaendelea peke yake kwa muda mrefu, muda unaotosha kabisa ubeti mwingine, halafu wimbo unakwisha. Kwenye santuri, katika pengo lile, unasikia pumzi za mzee. Waliomwona akiimba mbele yao wanajua zaidi. Katika pengo lile midomo yake ilikuwa ikicheza.

Kila mtu aliuchukua wimbo ule akaupeleka kwake. Wachimba migodi waliorudi kutoka Johannesburg na vifua vibovu walisema ni wimbo wao. Wanawake walioolewa mbali walisema ni wa binti anayetamani kwao. Watu wa kanisa walisema mlango ule ni wa mbinguni. Walevi wa Mbare, kule Harare, waliuimba wakibisha kwa wake zao alfajiri, na inasemekana wake wengine walifungua kwa ajili ya wimbo, si kwa ajili ya mume. Wazazi ambao vijana wao walivuka mpaka kwenda vitani wasirudi hawakuuimba kabisa. Walikaa kimya mpaka uishe, kisha mmoja wao akainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Mtangazaji wa redio aliwahi kumuuliza mzee, "Baba, huyu anayebisha ni nani?"

"Wewe ulipousikia ulimwona nani?"

"Nilimwona bibi yangu."

"Basi unaniuliza nini tena?"

Mtu mmoja tu katika nchi nzima hakutaka kuusikia. Alikuwa mke wake, MaChihera. Wimbo ukianza redioni, aliweka chini alichokishika akatoka. Hakununa. Aliporudi, alikuta redio imezimwa na mumewe anatazama ukutani.

Chenesai aliyaona hayo tangu alipoolewa hapo na Tafirenyika, mtoto wa mwisho wa nyumba. Yeye alitoka mbali, Mutoko, na alikuwa mtoto mdogo vita vilipokwisha. Hakuuliza. Mkamwana mgeni haulizi mambo ya ukutani. Alichokipata katika nyumba ile ni urafiki wa baba mkwe, jambo ambalo si la kila nyumba. Mzee alipogundua kwamba msichana huyu anaweza kuigiza kikohozi cha mtu, mwendo wa mtu, hata namna mtu anavyopiga chafya, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mkamwana," alimwambia, "siku yangu ikifika, mimi sina wasiwasi. Lakini usinikosee kikohozi. Kinaanzia hapa, chini ya mbavu."

Hiyo ndiyo desturi yao. Baba wa nyumba akifa, wake wa watoto wake huvaa nguo zake na kumwigiza mbele ya maiti yake, waombolezaji wacheke kwa mara ya mwisho naye akiwa angali ndani. Ni heshima, na anayeigizwa vizuri anasemekana kaondoka vizuri.

Alikufa mwezi wa kumi, ardhi imekauka mpaka inapasuka. Ilikuwa siku kama nyingine. Chenesai alikuwa uani akipondaponda karanga, binti yake Mufaro akiokota zinazoruka. Mzee aliomba maji. Alipopelekewa alikuwa amekwisha kuegemeza kichwa ukutani, mbira magotini, na kidole gumba kimoja kimelala juu ya ufunguo kana kwamba alikuwa karibu kuubonyeza.

Watu walikuja kwa malori. Walikuja wasiomjua ila kwa wimbo, wamebeba magunia ya unga na sukari, wakilia kama ndugu. Maiti ililazwa katika jiko la msonge, mbele ya lile jukwaa la udongo ambapo vyungu hupangwa na wazee waliotangulia huzungumziwa. Asubuhi ya maziko jiko lilijaa, na mlango ukaachwa wazi ili walioko nje waone.

Mtani wa nyumba, mzee Muchapondwa, ndiye aliyefungua mchezo. Aligonga jeneza kwa fimbo. "Gwatidzo! Amka uone watu walivyokuja kumaliza ng'ombe wako! Wewe ulikuwa mchoyo wa hata kuku!"

Watu wakacheka. Chenesai akaingia.

Alikuwa amevaa koti la kijivu la mzee na kofia iliyopigwa na jua. Aliingia kwa ule mwendo wa mzee, wa kutanguliza bega. Alikohoa kutoka chini ya mbavu. Alinusa tumbaku, akasubiri chafya ambayo haikuja, akaikasirikia. Jiko zima lililia na kucheka kwa pamoja. Hata Shangazi Keresiya, dada wa marehemu, mwanamke asiyesifu mtu, alipiga vigelegele. "Ni yeye! Kaka yangu huyu hapa! Hata utumbo wake umemwingia!"

Ndipo mtu mmoja mlangoni aliposema, "Wimbo."

Wengine wakadakia. Wimbo. Wimbo.

Muchapondwa aliacha kucheka. Alimsogelea Chenesai akamnong'oneza. "Umemwigiza kutembea, umemwigiza kukohoa. Inatosha. Wimbo muachie mwenyewe."

"Watu wametoka Zvishavane, wametoka Gweru," Shangazi Keresiya akasema. "Waondoke hivihivi? Imba, mkamwana. Kidogo tu."

Chenesai alimtazama MaChihera. Mama mkwe alikuwa amekaa kichwani pa jeneza, amejifunika shuka jeusi. Hakutikisa kichwa, wala hakuinama. Wala safari hii hakuweza kutoka. Mjane hatoki pembeni ya mumewe.

Chenesai hakujua kupiga mbira. Aliichukua ili aishike tu, kama sehemu ya mavazi. Alikaa kwenye benchi la udongo pale alipokaa mzee siku zote. Aliweka vidole vyake juu ya chuma.

Vidole vikaanza.

Aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya mzee, na watu wakalia. Aliimba wa pili. Kisha likaja pengo. Alikuwa amepanga kuchezesha midomo tu, kama yeye. Alijua hilo mpaka mwisho. Alikumbuka kufunga mdomo.

Mdomo ukafunguka.

Iliyotoka haikuwa sauti ya mzee, wala yake. Ilikuwa sauti ya kijana, iliyochoka, inayosema karibu sana na ubao wa mlango.

*Usimwamshe baba.*
*Nipe maziwa ya mgando hapahapa mlangoni,*
*kwenye kile kibuyu changu kidogo,*
*nami nitaondoka kabla hakujapambazuka.*

Mbira ikanyamaza. Na katika kimya kile, kila aliyekuwepo alisikia mlango ukibishwa. Mara tatu, taratibu, ngumi juu ya ubao. Watu waligeuka. Mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa ukutani, na hakuna aliyeugusa.

MaChihera alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Aliuziba kwa nguvu mno, hata baadaye walimwona na alama za kucha shavuni.

Mzee alizikwa. Koti likavuliwa, likafuliwa, likawekwa kusubiri siku ya kugawa nguo za marehemu. Malori yakaondoka. Jioni Mufaro alimletea mama yake kikombe, na Chenesai akafungua kinywa amshukuru.

"Mama, fungua," kinywa kikasema.

Mtoto aliangusha kikombe.

Tangu hapo hakuwa na neno jingine. Alikuwa na mawazo yake yote, jina lake, hasira zake, nyimbo za kwao Mutoko. Lakini kila alipotaka kuyatoa, yaligeuka mdomoni na kuwa maneno ya mlango ule. Akajifunza kukaa kimya. Mufaro alianza kumtazama mdomoni kwa namna mpya, kama anayemsubiri mtu mwingine aondoke ili mama yake azungumze.

Na kila kulipokaribia kupambazuka, Chenesai alizinduka akiwa wima. Amesimama nje ya jiko, ambamo MaChihera alilala kwa kipindi cha eda, ngumi yake ikiwa imeinuliwa. Hakukumbuka kuamka. Aliangalia chini. Hakukuwa na umande mwezi ule, nyasi zilikuwa zinavunjika kama vijiti. Lakini miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo, na vidoleni zilinata mbegu za majani yasiyoota upande ule wa mto.

Tafirenyika alimpeleka hospitali ya misheni. Daktari, mtu mpole, alimtazama kooni kwa tochi kwa muda mrefu, akasema hakuna kidonda. Walimpeleka kwa nabii wa mavazi meupe. Nabii alimwekea mikono, akaiondoa haraka, akaomba wamtoe uani kwake.

Habari zikaenea, na wasikilizaji wakarudi. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja wakiwa wamevaa nguo za kanisani, wakapiga makofi taratibu kwa heshima, wakaomba jambo moja: auimbe, mara moja tu, wao waliopoteza mtu wasikie. Shangazi Keresiya aliwakaribisha. Si vyema kumhukumu. Naye alikuwa na wake aliyempoteza.

"Unawapa faraja, mkamwana," alimwambia. "Si kila mtu anapewa zawadi hiyo."

Chenesai alitikisa kichwa kukataa. Lakini alipowekewa mbira mikononi, vidole havikuwa vyake. Aliimba. Kila alipomaliza, mlango ulibishwa, na mgeni akaondoka anatabasamu kwa machozi. Kila alipomaliza, uso wake mwenyewe ulizidi kukonda. Nguo zilianza kumpwaya. Alijua, kama mtu anavyojua mtungi wake umebaki maji kiasi gani, kwamba kuna kitu ndani yake kinachotwa na hakijazwi.

Kisha mzee mmoja wa Zvishavane, ambaye ndugu yake alibaki chini ya mgodi ulipoporomoka, akarudi. Hakuingia uani. Alisimama kwenye uzio, ameshika kofia.

"Mwambieni aurudishe," alisema.

"Aurudishe nini, baba?" Shangazi akamuuliza.

"Ndugu yangu anabisha. Nikifungua, hakuna mtu." Aligeuza kofia mikononi. "Nikifunga, anabishia ndani."

Siku ile ile Muchapondwa aliwakusanya. Walikaa jikoni mchana, wanaume upande wa benchi, wanawake mkekani. Sadza, ugali wao, ililetwa, haikuliwa. Mtani, ambaye kazi yake katika nyumba ile ilikuwa kusema lisilosemeka na kulisema kama mzaha, safari hii hakutania.

"Mbira mbele ya maiti si muziki," alisema. "Ni mwito, na kila mmoja hapa anajua. Gwatidzo bado yuko nje, hajarudishwa nyumbani, pombe ya kuirudisha roho yake haijapikwa. Tukaita. Tulitaka nani aitike? Aliyeitika ni mwingine, ambaye alikuwa anasubiri karibu zaidi."

"Nani?" Tafirenyika akauliza, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba anajua.

"Kuna mtoto mmoja wa nyumba hii ambaye hajawahi kuzikwa. Azikwe. Pasipo mwili, kichwa cha mbuzi kinatosha, kwa jina lake. Wazee wetu walifanya hivyo kwa waliopotea. Akipata pa kulala, atamwachia mkamwana mdomo wake."

Wote walimtazama MaChihera.

"Mwanangu hajafa," alisema.

"Dada..."

"Muchapondwa, nimekuheshimu siku zote. Kurauone hajafa. Usinichimbie mtoto wangu kaburi."

Kwa desturi yao, mama akikataa hakuna anayechimba. Wakatawanyika. Tafirenyika alienda nyuma ya zizi, na Chenesai akamsikia akilia kama anayetapika.

Alasiri, wakati wengine wamekwenda kunywesha ng'ombe, MaChihera alimwita mkamwana wake jikoni. Alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa ya mgando. Mlango aliufunga. Aliendelea kutikisa, na maziwa yakasikika yakigonga ndani.

"Watu wanasema mume wangu alitunga wimbo," alisema kwa sauti ya chini. "Hakutunga. Aliusikia. Tuliusikia wote wawili, tumelala hapo ulipokaa."

Chenesai alisogeza miguu.

"Ilikuwa wakati wa vita. Kurauone alikuwa amevuka mpaka, hatujui yu hai au la. Usiku mmoja mlango ukabishwa. Mara tatu. Akasema, mama, fungua. Nikaruka. Baba yao akanishika." Aliweka kibuyu chini. "Wewe hukuwepo. Wakati ule askari wa serikali ya wazungu walikuwa wanatuma watu, wamevaa kama vijana wetu, wanaongea kama vijana wetu. Ukiwafungulia, ukiwapa chakula, kesho nyumba inachomwa na wenyewe mkiwa ndani. Ng'ambo ya kilima walichomwa watu wa nyumba nzima. Walikuwa wamemfungulia mtoto wao."

"Mama," kinywa cha Chenesai kikasema, na akakifunga kwa meno.

"Akasema ametembea usiku kucha. Akasema mbwa hawakubweka. Kweli, mbwa hawakubweka. Nikataka kupiga kelele. Baba yao akaniziba mdomo kwa mkono. Ndipo yule akasema yale ya maziwa. Kibuyu kidogo." Alinyoosha kidole kwenye jukwaa la udongo. Nyuma ya vyungu palikuwa na kibuyu kisichozidi ngumi mbili, cheusi kwa moshi. "Akasubiri. Tukamsikia akipumua. Halafu hatukumsikia tena. Asubuhi palikuwa na alama za miguu yenye maji kwenye kizingiti, na ilikuwa miguu ya mtu yeyote."

Jua lilipenya kwenye nyufa za mlango na kuchora mistari sakafuni.

"Mume wangu alisema ni yeye. Tangu siku ile mpaka anakufa, alisema ni yeye. Akauimba dunia nzima isikie. Mimi nilisema ni mwigizaji. Mtu akikamatwa anapigwa, anasema mengi, labda mwanangu alimsimulia mwenzake porini habari za kibuyu chake na yule akakamatwa. Unaona? Kama ni mwigizaji, basi Kurauone yuko mahali. Ana wake, ana watoto, ametusahau, sawa, atusahau tu. Lakini kama ni yeye..."

Alichukua kona ya shuka lake akajifuta, polepole, kama anayefuta chombo.

"Kuna jina," alisema. "Nilimwita kwa jina hilo nikimnyonyesha. Hata baba yake hakulijua. Usiku ule ningeuliza, nani jina lako la titini, ningejua papo hapo. Mdomo wangu ulikuwa umezibwa. Na leo..." Alimtazama Chenesai machoni. Hakuwa akimtazama Chenesai. "Leo hakuna aliyeniziba. Nikikuuliza sasa, utanijibu?"

Chenesai alihisi taya lake likishuka.

Hakulishusha yeye. Ulimi uliinuka, ukagusa kaakaa, ukatafuta herufi ya kwanza. Pumzi ikapanda kutoka chini ya mbavu. Ilikuwa baridi. Ilinuka majani mabichi na mto. Nje, juu ya mlango uliofungwa, ngumi ikabisha. Mara moja. Mara ya pili.

MaChihera aliruka mbele na kuuziba mdomo wa Chenesai kwa mkono wake.

Walikaa hivyo. Pumzi ile baridi ilipita katikati ya vidole vya mwanamke mzee, na jina, kama lilikuwa jina, likabaki ndani. Chenesai aliona machozi yakimtiririka mama mkwe bila uso kubadilika. Alitaka kumwambia kwamba anaelewa. Alitaka kumwambia kwamba ni yeye, Chenesai, kwamba binti yake anamwogopa, kwamba amechoka. Aliinua mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya ule unaomziba. Akaubonyeza kidogo.

Mbisho wa tatu haukuja.

"Mkono huu," MaChihera alisema. "Nilimchukia mume wangu kwa ajili ya mkono huu."

Kisha aliinuka, akafungua mlango mpaka mwisho, akasimama kizingitini akitazama uani palipokuwa hakuna mtu. Aliita watu waliokuwa zizini.

Hivi ndivyo ilivyoamuliwa. Mbuzi achinjwe jioni ile ile, beberu mweusi asiye na doa. Kichwa kizungushiwe shuka jeupe, kizikwe pembeni ya Gwatidzo kwa jina la Kurauone, pamoja na mbira na kile kibuyu kidogo kikiwa kimejaa. Wimbo usiimbwe tena uani pale. Redioni uendelee, kwa sababu si wao tena wenye kuuzuia. Na kila mlango ambao msikilizaji alilalamika kwamba unabishwa, mwenye nyumba aambiwe afanye vivyo hivyo kwa mtu wake, amzike. Muchapondwa, kama mtani, ndiye abebe kichwa mpaka shimoni. Mama hafiki. Kwa watu wale, mama hasimami kaburini mtoto wake anapozikwa.

Asubuhi walipanga mstari. Muchapondwa alipiga magoti jikoni, akaingiza mikono chini ya kifurushi cheupe, akataka kuinuka nacho. Hakikuinuka. Alijaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni. Tafirenyika akaja kumsaidia. Kichwa cha mbuzi, wanaume wawili, na shuka halikuachana na sakafu.

"Mna nini?" Shangazi Keresiya akanong'ona. "Ni kichwa cha mbuzi tu hicho."

Muchapondwa alikuwa ametoa mikono na kuipangusa kwenye suruali. Ilikuwa imelowa.

MaChihera akawapita. Hakuomba ruhusa. Aliinama, akakichukua kifurushi kwa mkono mmoja kama kitu chepesi, akakitupia mgongoni kwa ule mzungusho ambao kila mwanamke anaujua. Chenesai alielewa kabla ya wengine. Alichukua mbeleko yake, ile aliyombebea Mufaro, akaizungusha na kumfunga mama mkwe mbele, juu ya kifua, mafundo mawili.

"Mama hafiki shimoni," Shangazi akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nilimbeba kwanza mimi," MaChihera alisema.

Alitembea mbele ya wote, vumbi likipanda, amejiinamisha kidogo kama anayembeba mtoto mzito aliyelala, na mara kwa mara mkono wake ulirudi nyuma kumpigapiga. Alikuwa akinong'ona kitu njia nzima. Waliokuwa nyuma yake waliacha nafasi, ili wasisikie. Shimoni alifungua mbeleko mwenyewe, akashuka mwenyewe, akalaza, akaweka kibuyu karibu na pale ambapo mkono ungekuwa. Alisema neno moja ndani ya shimo, fupi, ambalo hakuna aliyelikamata. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu mlangoni, "Ingia."

Wanaume wakafukia.

Njiani kurudi Chenesai alitembea nyuma ya mama mkwe, Mufaro akimshika sketi. Ndipo alipoona. Kati ya mabega ya MaChihera, juu ya gauni jeusi, palikuwa na doa lenye maji. Si damu, shuka lilikuwa safi, na kichwa kilikuwa kimekauka usiku kucha juu ya majivu. Lilikuwa doa dogo, la mviringo, mahali hasa ambapo shavu la mtoto hulala akisinzia mgongoni na mate yakamtoka. Lilinuka maziwa.

Chenesai alifungua kinywa bila kufikiri, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kwake, ya Mutoko, imekwaruza kwa kutotumika. Mufaro aliinua macho.

"Mama," Chenesai alisema, "mgongo wako umelowa."

"Najua," MaChihera akajibu, bila kugeuka. "Usinifute."